Gamba la Ubongo Linaposisimka Kupita Kiasi: Somo kuhusu Degedege, Kifafa na Maradhi Yanayofanana Nayo

Chukulia kijana mmoja wa Mtoni, pale kando ya barabara iendayo Bububu, si mbali na magofu ya kasri la kale. Alfajiri moja ya mwezi wa Ramadhani, baada ya kukesha, anaanguka ghafla ufukweni akiwa na wenzake wanaotayarisha nyavu. Mwili unakakamaa, kisha mikono na miguu inatupika. Povu linamtoka mdomoni, na mkojo unamtoka bila ya yeye kujua. Mmoja anatafuta kijiko amtie baina ya meno. Mwengine anamnusisha kitunguu. Wa tatu anarudi nyuma, akihofu kuwa akiguswa na povu lile ataambukizwa. Baada ya dakika mbili kijana ametulia, amelala usingizi mzito. Mjadala unaanza: ni jini, ni hasadi, au ni kifafa?

Mfano huu ni wa kubuni, lakini kila mhudumu wa afya katika visiwa hivi atautambua. Katika dakika mbili zile, kijana yule hakuvamiwa na kitu kutoka nje. Tabaka la juu la ubongo wake lilisisimka kupita kiwango kinachostahiki. Somo hili linaeleza tabaka hilo ni nini, msisimko wake unadhibitiwa vipi, unahusiana vipi na maradhi mbalimbali, na elimu hiyo inamsaidia vipi mhudumu, mgonjwa na jamaa zake.

Malengo ya somo

Baada ya kusoma, msomaji ataweza:

1. Kueleza kwa lugha nyepesi maana ya msisimko wa gamba la ubongo.
2. Kutofautisha degedege la homa na kifafa.
3. Kutaja maradhi mengine yanayohusiana na msisimko uliozidi au uliopungua.
4. Kumshauri mgonjwa juu ya dawa, usingizi, saumu, ujauzito na usalama wake.
5. Kutoa huduma ya kwanza ifaayo kwa mtu anayetupika.

Gamba la ubongo na mizani yake

Gamba la ubongo ni tabaka la nje la ubongo mkubwa. Unene wake ni baina ya milimita 2 na 5 tu, lakini limekunjwakunjwa hata likaweza kubeba seli za neva zinazokadiriwa kufikia bilioni 16. Humo ndimo yanamopangwa matendo ya hiari, lugha, kuona, kuhisi na kufikiri. Kila eneo lina kazi yake: eneo la mbele kidogo ya katikati huamrisha misuli, na eneo la kisogoni hupokea yale macho yanayoyaona.

Seli ya neva hufanya kazi kwa umeme mdogo sana. Inapopumzika, ndani yake huwa na chaji hasi kuliko nje kwa takriban milivolti 70. Tofauti hiyo hutokana na mgawanyo wa chembe zenye chaji za madini, hasa sodiamu na potasiamu, baina ya ndani na nje ya seli. Seli ikipata kichocheo cha kutosha, milango midogo ya sodiamu kwenye utando wake hufunguka, chaji hugeuka, na ishara husafiri hadi seli ya jirani.

Seli moja huzungumza na nyengine kwa kemikali. Mbili ndizo muhimu zaidi katika somo hili. Glutameti huchochea: huisogeza seli jirani karibu na kufyatua ishara. GABA hutuliza: huisogeza seli mbali na kufyatua ishara. Kila dakika gamba la ubongo limo katika mizani baina ya mchocheo na mtulizo. Wepesi wa seli zake kuitikia kichocheo ndio unaoitwa msisimko wa gamba la ubongo.

Msisimko huo si ugonjwa. Bila ya msisimko hakuna kunyanyua kikombe wala kujifunza kusoma. Maradhi huja pale mizani inapoelemea upande mmoja. Tena kiwango chake si kimoja kwa watu wote, wala kwa mtu mmoja nyakati zote. Kukosa usingizi hukipandisha. Homa, upungufu mkubwa wa sukari au wa sodiamu katika damu, na kuacha ghafla ulevi wa muda mrefu hukipandisha pia.

Jinsi msisimko ulivyojulikana na unavyopimwa

Mwaka 1870, nchini Ujerumani, Gustav Fritsch na Eduard Hitzig walionesha kuwa umeme mdogo ukiguswa kwenye sehemu fulani ya gamba la ubongo wa mbwa, misuli ya upande wa pili wa mwili hucheza. Katika muongo huohuo, daktari Mwingereza John Hughlings Jackson alieleza kuwa kifafa ni mfyatuko wa ghafla na wa kupindukia wa tabaka la kijivu la ubongo. Aliufikia uoni huo kwa kuwatazama wagonjwa ambao mtupiko ulianzia kidoleni, ukapanda mkononi, ukafika usoni, kwa mpangilio uleule uliomo katika gamba la ubongo.

Mwaka 1924 Hans Berger wa mji wa Jena alinasa kwa mara ya kwanza umeme wa ubongo wa binadamu kupitia ngozi ya kichwa, na mwaka 1929 akachapisha matokeo yake. Hicho ndicho kipimo ambacho fomu za hospitali hukiandika EEG. Hakimtii mgonjwa umeme. Kinausikiliza tu umeme uliopo. Ni vyema mgonjwa ajue pia kuwa kipimo hiki kinaweza kutoka safi ilhali ana kifafa, kwa sababu kimechukuliwa wakati ubongo umetulia. Kwa hiyo maelezo ya aliyeshuhudia mtu akianguka bado ndiyo nguzo ya uchunguzi.

Mwaka 1985 Anthony Barker na wenzake wa Sheffield, Uingereza, walitumia sumaku yenye nguvu iliyowekwa juu ya kichwa kuchochea gamba la ubongo bila ya kupasua wala kuumiza. Nguvu ndogo kabisa inayotosha kuutikisa msuli wa mkono huitwa kizingiti cha msisimko. Kizingiti kikiwa chini, ubongo ni mwepesi wa kusisimka. Kikiwa juu, ni mzito. Kwa njia hii imeonekana kuwa dawa zinazofunga milango ya sodiamu, kama vile kabamazepini, hupandisha kizingiti hicho.

Degedege: ubongo mchanga katika homa

Ubongo wa mtoto mdogo bado haujakamilisha mizani yake, hivyo homa inaweza kuusisimua hata akatupika. Degedege la homa hutokea zaidi baina ya miezi 6 na miaka 5. Kwa kawaida huwa fupi, hutikisa mwili mzima, na mtoto hurudi katika hali yake. Watoto wengi waliopata degedege la homa hawapati kifafa baadaye.

Katika pwani yetu neno lenyewe limebeba kisa. Wengi waliamini kuwa mtoto amepitiwa na dege, ndege wa kishetani. Utafiti uliofanywa Bagamoyo na kuchapishwa mwaka 1996 ulionesha jinsi degedege lilivyohesabiwa kuwa maradhi yanayohitaji tiba ya kienyeji kwanza. Hatari ya imani hiyo si jina, bali ni saa zinazopotea. Nyuma ya degedege panaweza kuwa na malaria kali au homa ya uti wa mgongo, na zote mbili huua au huacha ulemavu pale tiba inapochelewa. Unguja na Pemba zimepunguza sana malaria tangu dawa ya mseto ilipoanza kutumika mwaka 2003 na vyandarua vikaenea. Hata hivyo mtoto mwenye homa na degedege hupimwa malaria, hasa akitoka safari ya Bara.

Mhudumu na ashuku jambo kubwa zaidi ya degedege la kawaida iwapo mtoto ana umri chini ya miezi 6, ametupika kwa zaidi ya dakika 15, ametupika zaidi ya mara moja katika siku moja, ametupika upande mmoja tu, shingo imekakamaa, au hajarudiwa na fahamu.

Kifafa: mfyatuko unaorudi

Kifafa ni mwelekeo wa kudumu wa ubongo kufyatuka bila ya sababu ya papo hapo. Kwa kawaida huthibitishwa pale mtu anapopata mitupiko miwili isiyochochewa na homa wala dharura nyengine, iliyopishana kwa zaidi ya saa 24. Si kila mfyatuko ni wa kuanguka. Mtoto wa skuli anayeduwaa kwa sekunde chache mara nyingi kwa siku, au mtu mzima anayetafuna mate na kushikashika nguo bila ya kujitambua, naye anaweza kuwa na kifafa.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu wapatao milioni 50 wanaishi na kifafa, na karibu asilimia 80 kati yao wamo katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Linakadiria pia kuwa hadi asilimia 70 wangeweza kuishi bila ya mitupiko lau wangepata uchunguzi na dawa zifaazo.

Tanzania ina historia yake katika elimu hii. Mnamo mwaka 1960 daktari mzaliwa wa Norwei, Louise Jilek-Aall, alianzisha kliniki ya kifafa huko Mahenge, miongoni mwa Wapogoro. Alikuta wagonjwa wametengwa, wanakula peke yao kwa hofu ya kuambukiza kwa mate, na wengi wana makovu ya moto kwa kuangukia mafiga. Aliwapa fenobabitali, dawa ya bei nafuu iliyotambuliwa kuwa inatibu kifafa tangu mwaka 1912. Wagonjwa wengi walipata nafuu, na watu wakaona kwa macho yao kuwa maradhi yale yanatibika. Huko Mahenge pia alieleza watoto waliokuwa wakiinamisha vichwa mara kwa mara, hali ambayo baadaye ilijulikana kuwa ni maradhi ya kutikisa kichwa, na ambayo leo yanahusishwa na usubi.

Utafiti mkubwa uliohusisha maeneo matano ya Afrika, yakiwemo Kilifi nchini Kenya na Ifakara nchini Tanzania, ulichapishwa mwaka 2013. Ulihusisha kifafa cha mitupiko na matatizo wakati wa kuzaliwa, majeraha ya kichwa, na maambukizi ya vimelea, miongoni mwao minyoo ya tegu ya nguruwe. Vimelea hivyo humfikia mtu kwa kumeza mayai ya tegu kutoka katika kinyesi cha mwenye minyoo, kwa hiyo hata asiyekula nguruwe anaweza kuambukizwa kwa mikono au chakula kichafu. Funzo lake liko wazi: uzazi salama hospitalini, kofia ngumu kwa apandaye bodaboda, na choo na maji safi, yote hayo ni kinga ya kifafa.

Maradhi mengine ya mizani hii

*Kipandauso.* Baadhi ya wagonjwa huona mwanga wa kumetameta au mistari ya kuvunjikavunjika kabla ya kichwa kuanza kugonga. Mwaka 1944 Mbrazili Aristides Leão alieleza wimbi la msisimko linalofuatiwa na ukimya, likitambaa polepole juu ya gamba la ubongo, kiasi cha milimita 2 hadi 5 kwa dakika. Wimbi hilo ndilo linaloelezea dalili hizo.

*Kiharusi.* Sehemu ya gamba iliyokosa damu hupoteza msisimko wake, na kiungo hulemaa. Kovu linalobaki linaweza baadaye kuwa chimbuko la kifafa. Mzee anayeanza kutupika ukubwani na apimwe shinikizo la damu na kuulizwa habari za kiharusi, kabla ya kuambiwa ana mashetani.

*Konzo.* Maradhi haya yanaonesha upande wa pili wa mizani. Mwaka 1985, wakati wa ukame, yalizuka wilayani Tarime: watu waliokula muhogo mchungu usioandaliwa vyema walipata ghafla ukakamavu wa miguu yote miwili. Jina lenyewe limetoka Kongo, kwa Wayaka, likimaanisha miguu iliyofungwa. Wagonjwa wa konzo wa Kongo walipochochewa gamba la ubongo kwa sumaku, misuli yao haikuitika kama inavyotarajiwa, ishara kuwa njia itokayo kwenye gamba hilo imedhurika. Muhogo mchungu uliorowekwa kwa siku za kutosha na kukaushwa vyema hupungukiwa na sumu. Njia ya mkato wakati wa njaa ndiyo iletayo maafa.

*Sonona.* Kwa baadhi ya wagonjwa wa sonona, sehemu ya mbele ya gamba upande wa kushoto huonekana kuwa na utendaji mdogo. Tangu mwaka 2008 Marekani imeruhusu tiba ya sumaku kwa sonona isiyosikia dawa. Hata hivyo sonona ina sababu nyingi, haielezeki kwa mizani hii peke yake, na watu wengi wenye kifafa huwa nayo pia. Basi mgonjwa wa kifafa aulizwe hali ya moyo wake, na asiulizwe tu idadi ya kuanguka.

Dawa: kurejesha mizani

Fenobabitali huipa GABA nguvu zaidi ya kutuliza. Kabamazepini hupunguza kasi ya milango ya sodiamu, hivyo seli haziwezi kufyatuka mfululizo. Lakini inaweza kuzidisha kifafa cha kuduwaa na kile cha kushtukashtuka, kwa hiyo aina ya kifafa ijulikane kwanza. Valproati hufanya kazi kwa njia zaidi ya moja.

Mhudumu amweleze mgonjwa mambo manne. La kwanza, dawa hizi haziondoshi chimbuko la kifafa, zinalizuia, na kutopata mtupiko kwa mwezi mzima si ishara ya kuacha. La pili, kuacha ghafla ni hatari: ubongo uliozoea mtulizo hufyatuka kwa nguvu, na mitupiko inaweza kufuatana bila ya kukoma. La tatu, valproati inaweza kumlemaza mtoto tumboni. Mwanamke aliye katika umri wa kuzaa atafutiwe dawa nyengine kila inapowezekana, na akishika mimba asiache dawa yoyote kwa uamuzi wake mwenyewe, bali aende kliniki haraka. La nne, fenobabitali na kabamazepini hupunguza nguvu ya vidonge vya uzazi wa mpango na ya baadhi ya dawa za VVU, kwa hiyo kila mhudumu aoneshwe dawa zote zinazotumika.

Saumu na usingizi

Kijana wa mfano ule alianguka alfajiri ya Ramadhani, na wakati huo una maana yake. Mwezi huo ratiba hugeuka: futari, tarawehe, mazungumzo ya barazani, daku, kisha kazi. Usingizi hukatika, na dozi ya mchana huachwa.

Kwa wagonjwa wengi jambo hili hupangika. Nusu ya fenobabitali huchukua wastani wa siku tatu hivi kutoka mwilini mwa mtu mzima, hivyo dozi moja ya usiku hutosha. Kabamazepini hutoka haraka zaidi na kwa kawaida hunywewa angalau mara mbili kwa siku. Inaweza kupangwa wakati wa futari na wakati wa daku kwa ushauri wa daktari. Mazungumzo hayo yafanyike mwezi wa Shaabani, si baada ya mgonjwa kuanguka. Ambaye mitupiko yake bado haijadhibitiwa, au dawa yake haikubali mpango huo, akumbushwe kuwa dini imempa mgonjwa ruhusa ya kutofunga. Daktari na sheikh wakisema kauli moja, mgonjwa hupata utulivu wa mwili na wa roho.

Huduma ya kwanza

Mtu akianguka na kutupika:

1. Tazama saa.
2. Muondoe kwenye hatari: moto, maji, barabara, ncha kali. Aliyetupikia majini atolewe kwanza, kisha apelekwe hospitali hata kama anaonekana mzima.
3. Weka kitu laini chini ya kichwa, na legeza shingo ya nguo.
4. Usimtie kitu chochote mdomoni. Kijiko huvunja meno na hakizuii ulimi.
5. Usimkandamize viungo.
6. Mitupiko ikipungua, mlaze ubavu ili mate yatoke.
7. Kaa naye mpaka fahamu zirudi, mwambie kwa upole yaliyotokea, na mfunike kuhifadhi stara yake.

Apelekwe hospitali mara moja iwapo mtupiko umezidi dakika 5, umerudi kabla ya fahamu kurejea, ni wa kwanza maishani, ameumia, au ni mjamzito. Povu lile ni mate tu. Kifafa hakiambukizwi kwa mate, kwa mkojo, wala kwa kula sahani moja.

Mgonjwa ambaye mitupiko yake haijatulia asiende baharini peke yake, asichote maji kisimani bila ya mwenzake, na apikie mahali palipoinuka au pale ambapo moto umezingirwa. Huku si kumfungia ndani. Mtoto aende skuli, na mtu mzima apate kazi isiyomhatarisha.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini kukosa usingizi humletea mtu mwenye kifafa mtupiko, hata kama amekunywa dawa?
2. Mtoto wa miezi 4 ametupika akiwa na homa. Kwa nini hatosheki kwa kupewa dawa ya homa na kurudishwa nyumbani?
3. Msichana wa miaka 20 anatumia valproati na anatarajia kuolewa. Ni mazungumzo gani yafanyike naye kabla ya harusi?
4. Jamaa wanataka kumpeleka mgonjwa kwa mganga. Mhudumu atasema nini ili wasivunjike moyo na dawa isiachwe?

Swali la nne halina jibu moja. Uzoefu wa Mahenge unaonesha kuwa hoja yenye nguvu kuliko zote ni mgonjwa mwenyewe: aliyekuwa akila peke yake, sasa ameketi na wenzake kwenye sinia moja. Kijana wa Mtoni naye akipatiwa dawa, usingizi na watu wasioliogopa povu lake, anaweza kurudi kwenye nyavu zake, na mwenzake akiwa kando yake.